Umbali kati ya mtoto na sindano yake: kambi ya kiangazi kwa mwenye mzio wa chakula

Kuanzia Januari watoto wa Marekani huanza kurudi nyumbani na karatasi za kambi za kiangazi kutoka shuleni au kanisani. Ziwa, mitumbwi, moto wa usiku, wiki nzima bila mama wala baba: mtoto hajamaliza kusoma ameshaanza kupanga begi. Mzazi ambaye mtoto wake ana mzio wa karanga, maziwa, mayai au ufuta anaisoma karatasi hiyohiyo huku tumbo likimpata joto. Nyumbani mwiko wa kupikia anaushika yeye. Kambini anapika mtu asiyemjua, kwa watoto mia mbili, msituni, na hospitali iko mbali.

Mtoto huyu anaweza kwenda, na tunasema aende. Ila wazazi wengi huanza kwa kuuliza "mnapika nini?", wakati kuna swali linalotangulia. Saa nne asubuhi, mtoto akiwa ndani ya mtumbwi katikati ya ziwa, sindano yake ya adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, iko wapi, na aliye nayo anajua kuidunga? Jiko liwe safi kiasi gani, siku moja kitu kitapenya, na siku hiyo kinachoamua ni dakika. Katika vifo vya watoto vilivyotokana na mzio wa chakula, mara nyingi hukutwa kwamba adrenalini ilichelewa au haikutolewa kabisa. Kwa hiyo kila tunachoeleza hapa kinapima kitu kimoja, umbali kati ya mtoto na sindano yake.

Kuna jambo la lugha kwanza. Kwa wazee wetu mzio ni kile chakula mtu anachokizia, anachokatazwa kwa sababu kinamdhuru au kwa sababu ni mwiko wa ukoo wao. Ndiyo maana tumezoea kusema tu "huyu hali karanga", na kila mtu pale nyumbani akaelewa. Ukiitafsiri sentensi hiyo ilivyo kwenye fomu ya kambi, Mmarekani ataisoma kama habari ya mtoto anayechagua chakula, sawa na asiyependa kabichi. Liandikwe neno "allergy" lenyewe, kisha liongezwe kwamba amewahi kupata anafilaksia ("anaphylaxis", yaani shambulio kali la mzio linaloweza kuua), au kwamba daktari amesema anaweza kuipata. Uzito wa maneno hayo mawili wanaujua.

Kliniki, mwezi Machi

Piga simu kliniki Machi au Aprili. Ikifika Juni kila mzazi mjini anataka fomu yake isainiwe. Kama Kiingereza chako hakikutoshi kwa mambo ya hospitali, omba mkalimani wa Kiswahili wakati ule ule unapopanga miadi. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia bila malipo. Usimtumie mtoto kama mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe. Anataka kwenda kambini, na dalili atazipunguza.

Utoke pale na karatasi nne. Mpango wa dharura wenye picha ya mtoto, unaotaja chakula kinachomdhuru, dalili zinazodai sindano, na dozi (FARE, shirika la Marekani la mzio wa chakula, na American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto, wote wana fomu yao, na kliniki nyingi hutumia mojawapo). Fomu ya afya ya kambi. Maelekezo ya dawa yenye saini ya daktari, pamoja na vidonge vya kawaida vya mwasho, kwa sababu kambi nyingi hazimpi mtoto hata kidonge kimoja bila saini. Na ya nne, ruhusa ya mtoto kubeba sindano yake mwenyewe, kama umri na akili yake vinaruhusu. Dawa zote zibaki kwenye maboksi ya famasi yenye jina lake. Dawa iliyohamishiwa kwenye mfuko wa plastiki, nesi wa kambi ana haki ya kuikataa.

Siku hiyo mtoto apimwe uzito. Kalamu za adrenalini, yaani sindano zenye umbo la kalamu, zinazotumika zaidi zina dozi mbili: miligramu 0.15 kwa mtoto wa kilo 15 hadi 30, na miligramu 0.3 kwa kilo 30 kwenda juu. Tangu 2017 American Academy of Pediatrics imeshauri mtoto ahamie 0.3 akifika kilo 25, ambazo kwenye mizani ya Kimarekani ni pauni 55. Mtoto wa miaka minane aliyepewa kalamu ndogo mwaka jana huenda imeshambana kama viatu vya mwaka jana, na hakuna aliyeona.

Ulizia pumu pia, hata kama imekaa kimya muda mrefu. Mwenye mzio wa chakula na pumu isiyotulia ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote. Kama anakohoa usiku, au anatumia pampu ya pumu kila siku mbili tatu, hilo lishughulikiwe kabla ya kambi yenye vumbi na moshi wa kuni. Na pampu ikae kwenye mkoba uleule wa sindano, isitenganishwe nayo.

Sindano ngapi? Nne. Pakiti ya famasi huwa na kalamu mbili, na mbili hizo hazitenganishwi, kwa kuwa dozi ya kwanza isiposhika inahitajika ya pili. Pakiti moja itembee na mtoto, nyingine ikae kwa nesi. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kawaida hulipia kalamu, hasa ile isiyo na jina la kampuni kubwa. Kwa pakiti ya pili, mwombe daktari aandike wazi kuwa ni ya kambini. Soma tarehe ya mwisho palepale dirishani, kabla hujaondoka famasi: kalamu nyingi hudumu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu tangu zitengenezwe, na ya kwako huenda ilishakaa rafuni miezi sita. Tangu Agosti 2024 kuna pia adrenalini ya kupuliza puani iitwayo neffy, iliyoanza na wenye kilo 30 kwenda juu. Machi 2025 iliruhusiwa kwa watoto wa miaka minne na zaidi wenye kilo 15 hadi 30, kwa dozi ndogo. Kwa mtoto anayeogopa sindano kiasi cha kuficha dalili, mazungumzo hayo yanafaa kufanywa na daktari.

Sheria, kwa kifupi

Kambi iliyo wazi kwa umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu tu ana mzio. Sheria ya Wamarekani wenye Ulemavu ya 1990 inamlinda, na kambi inapaswa kufanya marekebisho ya kadiri inayowezekana. Ila sheria hiyo haizigusi taasisi zinazoendeshwa na dini, na familia nyingi za Waswahili na Wakongo huwapeleka watoto kambi za kanisa. Huko utategemea maelewano, isipokuwa kama kambi inapokea fedha za serikali kuu. Ikizipokea, inabanwa na sheria nyingine, ya 1973.

Kambi za kutwa zenye chakula cha bure kinachogharimiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani zina utaratibu wake: ukileta karatasi ya mtaalamu wa afya inayosema mtoto asile nini na apewe nini badala yake, wanapaswa kumbadilishia bila kukutoza. Karatasi isiyotaja cha badala inaleta usumbufu, kwa hiyo hakikisha kimeandikwa.

Kabla hujalipa, uliza haya kwa simu

Sindano hukaa wapi? Jibu likiwa "zinafungiwa kabatini kwa nesi, ni salama kabisa", kazi yako imeanza hapo. Kabati la nesi liko dakika kumi kutoka uwanja wa mishale, na usiku funguo ziko kwa mtu aliyelala. Omba kalamu mbili zikae kwenye mkoba wa kiunoni, auvae mtoto au kaunsela (mlezi wa kambini) wa kundi lake, na mkoba ukabidhiwe mkono kwa mkono kila kundi linapobadilisha mlezi. Wakati wa kuogelea ukae kwa mwokoaji wa ufukweni, kivulini. Kwenye mtumbwi uwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kambi ikikataa katakata, tunashauri utafute nyingine. Jikoni kuna mengi ya kukubaliana nusu kwa nusu, lakini si kwa hili.

Uliza pia nesi yupo kambini usiku, au anakuja mchana tu. Gari la wagonjwa huchukua dakika ngapi kufika likiitwa? Wakikujibu "haraka tu", omba namba. Simu zinashika kwenye njia ya matembezi? Na makaunsela, ambao wengi ni vijana wa miaka 18 au 20, wamefundishwa lini kudunga, na nani? Kijana aliyeoneshwa video mwezi Mei hajashika kalamu.

Kudunga, hatua kwa hatua

Omba kalamu ya mazoezi isiyo na sindano wala dawa, ya aina ileile utakayopeleka. EpiPen, zile zisizo na jina, na Auvi-Q, hiyo iliyo bapa na inayotoa maelekezo kwa sauti kwa Kiingereza, haziendeshwi sawa, na mtu aliyezoea moja hukwama kwenye nyingine. Kalamu ya zamani iliyopita tarehe yake ifyatue kwenye chungwa huku mtoto anaona. Akishasikia ule mlio, na akauona msukumo wenyewe, hofu yake inapungua.

Kwa EpiPen: itoe kwenye bomba lake, ishike kwa ngumi katikati, kidole gumba kisikae kwenye ncha yoyote. Ng'oa kifuniko cha buluu. Mkono wa pili ubane mguu wa mtoto usitikisike. Ncha ya rangi ya chungwa ielekee upande wa nje wa paja, katikati ya goti na nyonga, ibonyezwe kwa nguvu mpaka ilie, halafu hesabu tatu polepole ndipo uitoe. Suruali haivuliwi, hata jinsi. Kwepa tu mshono mnene na mfuko wenye vitu ndani.

Makosa tunayajua, maana hurudia yaleyale. Mtu anaishika kichwa chini, anaweka gumba kwenye ncha ya chungwa kama anabonyeza kalamu ya wino, na dawa inaingia kidoleni mwake. Au mtoto anarusha mguu sindano ikiwa ndani, inamchana paja. Au kifuniko cha buluu kinang'olewa mapema "ili tuwe tayari", na kalamu inafyatukia mfukoni. Kosa kubwa kuliko yote ni kusubiri.

Nani adungwe? Akishakula kitu cha kutilia shaka, dalili moja kati ya hizi inatosha: anapumua kwa shida, kifua kinapiga miluzi, sauti imekauka, koo linabana, ulimi umevimba, amelegea au anaishiwa nguvu, amepauka, anatapika mfululizo. Dalili ndogondogo za sehemu mbili za mwili nazo zinatosha, kwa mfano mabaka ya mwasho pamoja na kutapika mara moja. Wapo watoto wasiotoka kipele hata kimoja, kwa hiyo ngozi safi isimdanganye mtu. Mtoto mdogo hatasema "koo linabana". Atasema kuna nywele kooni, au ulimi una moto, au atajikuna ulimi kwa meno.

Baada ya kudunga alale chali, miguu iinuliwe. Kama pumzi ndiyo shida, akae ameegemea. Akitapika, alale ubavu. Asisimame, na asitembee kwenda kwenye gari hata akisema amepona, kwa maana damu ikishuka ghafla miguuni moyo unakosa cha kusukuma, na wapo waliozimia na kufariki walipoinuliwa. Piga 911 na utaje neno anafilaksia. Saa ya dozi ya kwanza iandikwe, hata mkononi kwa kalamu ya wino. Zikipita dakika tano hajapata nafuu, adungwe ya pili, kwenye paja. Hospitali ataenda tu, hata akiwa anacheka, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula kitu kingine.

Kwetu tuna mazoea mawili ya kuyaacha kabla ya safari. La kwanza ni Piriton, na Benadryl kwa waliozoea Marekani. Dawa hizi hupunguza mwasho na vipele basi. Hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoanguka, na mtu aliyetoa kidonge akakaa kusubiri kifanye kazi ameshapoteza dakika alizokuwa nazo. La pili ni maziwa, yale ya kunywesha mtu "kuua sumu". Mzio si sumu tumboni. Mtoto anayekabwa koo asipewe maziwa, maji wala kitu chochote cha kunywa.

Jikoni

Ongea na mkuu wa jiko mwenyewe, si ofisi ya usajili. Wiki mbili kabla ya kambi anakuwa na ratiba ya chakula, na ndipo mazungumzo yanapokuwa na maana.

Karanga ni rahisi kuondoa, na kambi nyingi zimeshaziondoa. Maziwa, mayai na ngano viko kila mahali: ndani ya mkate, soseji, viungo vya unga vya kunyunyizia viazi, na siagi inayopakwa juu ya nyama choma ili ing'ae. Mwenye mzio wa maziwa anahitaji ratiba isomwe mlo kwa mlo, na mara nyingi inafaa upeleke akiba yake kwenye boksi lenye jina na tarehe, lenye maelekezo ya jinsi ya kupasha: sufuria yake, kijiko chake, kikifunikwa.

Chukua siku ya mkate wa siagi ya karanga na jemu uone jinsi kitu kinavyosafiri. Mtoto wa kwanza anapaka siagi ya karanga, kisu anakichovya kwenye kopo la jemu. Kopo limeshakuwa na karanga, na halioneshi. Kesho asubuhi siagi ya karanga haipo mezani, wote wametulia, na mtoto wako anapaka jemu kwenye tosti. Huyo amekula karanga siku ambayo jiko halikuwa na karanga. Dawa yake ni vijemu vya pakiti ndogo za mtu mmoja, au kopo jipya lililofunguliwa kwa ajili yake na kuwekwa kando.

Vivyo hivyo kijiko kinachoruka kutoka bakuli la granola (nafaka kavu zenye njugu) kwenda la matunda, bamba la chapati za maji lililotangulia kukaanga mayai, na mafuta ya kukaangia yaliyopita samaki kabla ya viazi. Moto wa mafuta hauiondoi protini ya samaki, na protini ndiyo inayoleta mzio. Njia nyepesi kuliko zote kwenye foleni ya kujipakulia ni mtoto apakuliwe wa kwanza, kabla vijiko havijachanganywa, kutoka vyombo vya nyuma.

Lebo zisomwe mara tatu: bidhaa inapopokelewa, inapofunguliwa, inapopakuliwa. Viwanda hubadilisha viungo bila kupiga mbiu, na msambazaji aliyeishiwa mikate ya aina moja huleta nyingine. Sheria ya Marekani inavitambua vyakula tisa ambavyo lazima vitajwe kwa jina la kawaida: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, njugu za miti kama korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na tangu tarehe 1 Januari 2023, ufuta. Hapo kwenye ufuta pana mtego. Baadhi ya waokaji, badala ya kusafisha mitambo yao, waliamua kuuweka kabisa kwenye mkate na kuutaja, kwa hiyo mikate ya baga iliyokuwa salama 2022 inaweza kuwa na ufuta leo. Maneno "may contain", yaani huenda kina, ni ya hiari. Kukosekana kwake hakumaanishi kiwanda ni safi. Na kwa sisi wapishi wa nazi: tangu Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa haihesabu tena nazi kuwa njugu ya mti kwenye lebo, hivyo mwenye mzio wa nazi asiutegemee mstari wa "Contains", yaani kina. Asome orodha nzima ya viungo.

Meza ya peke yake? Hatuipendi. Harufu ya siagi ya karanga haimwangushi mtoto. Kinachomdhuru ni protini iliyobaki mezani na mikononi, ikafika mdomoni. Meza ifutwe kwa sabuni na kitambaa safi kabla hajakaa, akae na rafiki zake, na anayekula chakula kinachomdhuru mtoto huyo akae mbali kidogo. Samaki na kamba ni habari nyingine. Mvuke wa kuwapika unaweza kumbana kifua mwenye mzio nao, kwa hiyo siku hiyo asiingie jikoni wala asikae karibu na jiko la nje.

Chakula kisichopita jikoni

Hapa ndipo kambi nyingi makini hupigwa chenga, kwa sababu mkuu wa jiko hana habari napo.

Kazi za mikono, kwanza. Kuna kitu wanapenda sana kuwafundisha watoto: wanaokota tunda kavu la msonobari, wanalipaka siagi ya karanga mpaka kwenye nyufa zake, wanalibiringisha kwenye mbegu, kisha linafungwa uzi na kutundikwa mtini liwe chakula cha ndege. Kwa mwenye mzio wa karanga hicho ni kiganja kizima cha karanga, kwenye kucha na kwenye nyufa za meza ya mbao ambayo kesho atakaa kuchora. Siagi ya mbegu za alizeti inafanya kazi ileile. Udongo wa kuchezea mara nyingi una ngano. Maboksi ya mayai yanayokatwa kutengeneza wadudu yalibeba mayai. Mpigie simu msimamizi wa kazi za mikono, mtaje vitu hivi kimojakimoja.

Halafu moto wa usiku. Wanachoma mashimelo (peremende laini kama sponji, "marshmallow") kwenye kijiti, wanaibana na chokoleti katikati ya biskuti mbili. Biskuti ni ngano, mara nyingi na soya. Chokoleti ni maziwa, na mara kwa mara ina alama ya karanga. Na usiku mtu hasomi lebo. Mpe mtoto pakiti yake ya vitu vitatu hivyo vilivyo salama, na kijiti chake, maana vijiti huzunguka.

Kuna duka la peremende, kuna vifurushi vinavyotumwa na wazazi wa wenzake, kuna njugu zilizofichwa chini ya godoro la kitanda cha juu, kuna basi la kwenda na kurudi ambako kila mtu anagawa alichobeba. Hapo basini sisi wenyewe hatuko nyuma: shangazi anayesindikiza hawezi kuvumilia mtoto aondoke bila kashata au visheti mkononi. Aelezwe mapema, kwa heshima, kwamba hata punje ni nyingi, na kwamba mzio hauzoewi kwa kuonja kidogokidogo nje ya uangalizi wa daktari.

Na mikono inaoshwa kwa sabuni na maji, au kwa vitambaa vyenye unyevu. Dawa ya kuua vijidudu inayopakwa bila maji haiondoi protini ya karanga. Inaisambaza tu. Kambini chupa za dawa hiyo ziko kila mlango, na watu wazima wanaziamini.

Mtoto mwenyewe

Afike kambini anaijua sentensi moja ya Kiingereza hata usingizini: nina mzio wa karanga, sijisikii vizuri, nahitaji sindano yangu. Mfanyisheni mazoezi ya kuisema kwa mtu mzima asiyemjua, kwa sauti. Tumewalea wasiwakatize wakubwa, na hilo ni jema, lakini kwa jambo hili aambiwe na wazazi wote wawili kwamba ana ruhusa ya kukatiza ibada, mchezo, hata usingizi wa mtu.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Mtoto anayejisikia vibaya huona haya, akaenda zake chooni au kulala kitandani peke yake, na huko ndiko asikoonekana. Mwambie: ukijisikia tofauti, nenda kwa watu. Rafiki mmoja wa bwenini ajue pia, kwa kazi moja tu ya kumwita kaunsela.

Kijana wa miaka 12 au 13 aliyefanya mazoezi anaweza kubeba na kujidunga. Hata hivyo koo likishabana mikono hutetemeka na akili huchanganyikiwa, kwa hiyo kubeba kwake hakumwondolei kaunsela wajibu wa kujua. Akifanyiwa mzaha wa kutishiwa karanga, hiyo ni taarifa ya kwenda kwa mkurugenzi siku ileile.

Siku ya kufika, na ya kurudi

Usikabidhi mkoba mezani ukaondoka. Mtafute kaunsela atakayelala naye, mpe kalamu ya mazoezi, mwombe adunge mbele yako, mara mbili. Uliza usiku gani wa wiki anapumzika na nani anamshikia, kisha huyo naye adunge. Kalamu zinataka nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi, na zinavumilia 15 hadi 30 kwa muda mfupi. Zisiachwe kwenye gari lililoegeshwa juani, wala zisilazwe juu ya barafu kwenye friji ya mkononi.

Siku ya kumchukua hesabu kalamu, zitazame kwenye dirisha lake dogo. Dawa ikiwa imegeuka rangi ya hudhurungi, ina ukungu au chembe, ibadilishwe kabla ya shule kufunguliwa, kwa kuwa ndiyo hiyohiyo atakayokwenda nayo darasani. Omba kuona daftari la nesi. Halafu njiani, bila haraka, muulize mtoto alikuwa anakula nini kila siku. Wengine hurudi bila kudhurika kwa sababu walikula tufaha na chipsi wiki nzima, wakiogopa kila kitu kingine. Umwonapo suruali imelegea kiunoni, mpigie mkuu wa jiko wiki hiyohiyo, angali anaukumbuka uso wa mtoto, mkae mpitie ratiba yake upya mlo kwa mlo.